Nyanya za Ndoo Wakati wa Kaskazi: Kwa Nini Maua Yanapukutika na Namna ya Kupata Matunda

Kila Januari malalamiko ni yale yale, iwe Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja. Mnyanya uko uani, umenawiri, umejaa maua ya njano mpaka majirani wanausifia, lakini kila asubuhi maua yako chini na tunda hakuna. Mwenyewe anaongeza mbolea, maua yanazidi kudondoka. Anaongeza maji, mnyanya unanyauka na kufa.

Kinachosumbua ni joto, na linaingia kwa njia tatu. Joto la usiku huua chavua ndani ya ua. Jua la mchana huunguza majani na matunda. Halafu kuna ndoo yenyewe, inayochemka juani na kupika mizizi, na hii ndiyo wengi hawaifikirii kabisa. Mwongozo huu ni wa ua wa kawaida wa mjini: sakafu ya saruji, ukuta wa tofali, ndoo za lita 20 na maji ya kuhesabu.

## Vitu vya kuandaa

Kwa miche sita utahitaji:

- Ndoo 6 za lita 20, nyeupe au za rangi nyepesi. Za rangi zilizokwisha zinafaa, mradi zioshwe vizuri.
- Matofali 12 ya kuinulia ndoo.
- Udongo tifutifu lita 54, samadi iliyooza au mboji lita 36, na pumba za mpunga lita 18. Vumbi la makumbi ya nazi linaweza kushika nafasi ya pumba, ila liloweke na kulisuuza mara mbili kwanza, maana huwa lina chumvi.
- Fito 6 za urefu wa mita 1.8.
- Nyasi kavu za matandazo, kiasi cha kiroba kimoja.
- Makuti 4, au neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40.
- Pazia jepesi la kitambaa laini, la kufunikia kitalu.
- Mbolea ya NPK 17-17-17 robo kilo na CAN robo kilo.
- Viroba vya zamani, matambara ya fulana, na keni au kopo lenye matundu madogo.

Samadi ibanwe mkononi kabla ya kununuliwa. Iliyooza haina harufu kali, haina joto, na huwezi kutambua kinyesi wala majani ndani yake. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi ndani ya siku chache, na kwenye ndoo haina pa kukimbilia.

## Hatua ya 1: Hesabu tarehe kwanza, mbegu baadaye

Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi usiku haushuki sana chini ya nyuzijoto 24. Hapo ndipo chavua ya nyanya inapoanza kuharibika, hasa mchana nao ukipita nyuzijoto 32. Ua linafunguka vizuri, linapendeza, lakini ndani limekufa. Mmea hautunzi ua lililokufa, unalidondosha.

Kwa hiyo lengo ni maua ya mwanzo yatoke Novemba, kabla usiku haujawa mzito. Rudi nyuma kwenye kalenda: mche huchanua siku 30 hivi tangu kuhamishwa, na kitaluni hukaa wiki nne. Mbegu ziingie udongoni wiki ya kwanza ya Septemba. Matunda ya kwanza utayachuma katikati ya Desemba, pilau la sikukuu likiwa linasubiri kachumbari.

Kama umechelewa na sasa ni Desemba, panda nyanya ndogo za cheri tu. Zinavumilia joto kuliko nyanya kubwa, na kwa kuwa hutoa maua kwa vishada, hata nusu yakidondoka bado utakula. Nyanya kubwa ziache mpaka Mei uanzishe kitalu kwa ajili ya kipupwe.

Kuhusu mbegu, Tanya na Tengeru 97 ni mbegu nzuri na maduka mengi ya pembejeo wanazo, lakini zilitoka Tengeru, Arusha, ambako usiku unalala na blanketi. Usizilaumu zikikugomea Temeke mwezi wa pili. Kwa joto la pwani chukua cheri, au chotara ambayo pakiti yake imeandikwa wazi kwamba inavumilia joto na mnyauko bakteria. Mbegu za kukamua kwenye nyanya ya sokoni ni bahati nasibu: huenda nyanya hiyo ni chotara, na watoto wa chotara hawafanani na mama yao.

## Hatua ya 2: Kitalu chenye pazia

Jaza vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini mchanganyiko laini wa udongo na mboji, nusu kwa nusu. Weka mbegu mbili kila kikombe, kina cha sentimita 1. Mwagilia taratibu, funika kwa nyasi kavu, weka pahali penye mwanga lakini pasipo jua la mchana.

Mbegu huota kati ya siku ya tano na ya nane. Siku ile ile unayoona shingo ya mche, ondoa nyasi. Ukichelewa hata siku mbili, miche inarefuka kama uzi ikitafuta mwanga, na mche wa namna hiyo haunenepi tena. Ikifikisha majani mawili halisi (yale yenye meno, siyo yale mawili ya kwanza laini), kata kwa mkasi mche dhaifu kwenye kila kikombe. Usiung'oe, utatikisa mizizi ya mwenzake.

Pazia ni la nini? Ni la inzi weupe, wale wadogo kama chembe za unga wanaoruka ukigusa jani. Wao ndio wanaobeba virusi vinavyokunja majani, ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta. Mche ukiambukizwa kitaluni hauzai, na dawa yake haipo. Chandarua hakitoshi, matundu yake yanampitisha mdudu huyu. Pazia la kitambaa laini linamzuia. Lifunge pembeni kote, lisigusane na majani.

Mafanikio yanaonekanaje: wiki ya nne mche una sentimita 15, majani matano au sita, na shina nene kama penseli. Wiki hiyo ya mwisho uzoeshe jua la asubuhi: muda wa saa moja siku ya kwanza, ukiongeza saa moja kila siku.

## Hatua ya 3: Andaa ndoo isiyochemka

Toboa matundu 8 ya upana wa kidole kidogo: manne chini, manne ubavuni, sentimita 2 kutoka kitako. Ya ubavuni ni akiba, kwa sababu ya chini huziba.

Panga ndoo juu ya matofali mawili mawili. Sakafu ya saruji saa nane mchana huwezi kuikanyaga peku, na ndoo iliyokaa juu yake inapokea moto huo kwenye mizizi. Matofali yanaacha hewa ipite na maji yatoke. Usiegemeze ndoo ukutani pia. Ukuta unaopigwa na jua la jioni hutoa joto mpaka usiku. Acha nafasi ya hatua moja.

Ndoo nyeusi au ya buluu iliyokoza ivalishe kiroba, au ipake chokaa ya ukutani mara mbili. Jaribio ni rahisi: saa nane mchana bandika kiganja ubavuni mwa ndoo. Ukishindwa kuhesabu hadi kumi, mizizi ya upande huo inaungua.

Udongo pima kwa kopo la lita 3. Kila ndoo inachukua makopo 3 ya udongo, 2 ya samadi, 1 la pumba. Changanya juu ya turubai mpaka rangi iwe moja. Jaza, mwagilia, acha siku tatu ujikalie, kisha ongeza mpaka ubaki upana wa vidole vitatu kutoka ukingoni. Nafasi hiyo ni ya maji na matandazo.

Tahadhari: usichukue udongo mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili, ngogwe au viazi mviringo. Ni ukoo mmoja, na bakteria wa mnyauko hukaa udongoni miaka. Kama huna udongo mwingine, utandaze unene wa sentimita 15, uloweshe, ufunike kwa nailoni angavu isiyopitisha hewa pembeni, uuache juani wiki sita. Kwa mara moja joto hili linakufanyia kazi bure.

Na majivu? Wanaoishi juu ya mawe ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na Mombasa, wasiyaweke. Udongo wao una chokaa ya kutosha, majivu yataukoleza zaidi na majani yatageuka njano.

## Hatua ya 4: Hamisha miche jioni

Hamisha saa 11 jioni, ili mche upate usiku mzima wa kupumua kabla ya jua. Ng'oa majani mawili ya chini, fukia shina mpaka karibu na majani yaliyobaki. Sehemu iliyofukiwa itaota mizizi mipya, na mizizi mingi ndiyo itakayobeba mmea Februari. Ndoo moja, mche mmoja. Miwili ndani ya ndoo moja inagombea maji, na mwishowe hakuna anayezaa.

Chomeka fito wakati huo huo. Ukisubiri mpaka mnyanya ulale, fito itapasua mizizi. Fungia kwa kitambaa cha fulana kilichopindwa kama namba 8, upande mmoja fito, mwingine shina, kikiwa kimelegea.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, ziache vidole vitatu kutoka kwenye shina ili lisioze. Kama una kuku, zungushia ndoo wavu leo, usingoje kesho. Kwao matandazo mapya ni mwaliko wa kuparura.

## Hatua ya 5: Kivuli cha upande mmoja

Nyanya inataka jua saa sita kwa siku, lakini iwe la asubuhi. Tengeneza paa la makuti au neti kwa urefu wa mita 2, likinge kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Upande wa mashariki uache wazi kabisa.

Kosa la kawaida ni neti nzito. Ya asilimia 70 au 80 hutumika kukinga magari. Chini yake mnyanya unarefuka, unalegea, na hauchanui. Ukitumia makuti, yapange kwa kuachana. Kivuli sahihi kinaonekana sakafuni kama madoadoa ya jua yanayotembea.

## Hatua ya 6: Maji, na hapa ndipo wengi wanapopoteza mnyanya

Miche mipya: lita 1 kila asubuhi. Ikifika magotini: lita 2. Ikiwa na matunda: lita 3 hadi 4, nusu yake saa 12 asubuhi na nusu yake saa 11 jioni. Hivyo ni vipimo vya kuanzia. Kipimo cha kweli ni kidole: kizamishe mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, subiri.

Sasa sikiliza hili vizuri. Saa nane mchana majani ya mnyanya yatalegea hata udongo ukiwa umelowa, kwa sababu yanapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Hiyo siyo kiu. Jua likizama yatasimama yenyewe. Anayekimbilia ndoo ya maji saa nane anajaza udongo uliojaa tayari, mizizi inakosa hewa, inaoza, na kesho mnyanya unalegea zaidi. Naye anaongeza maji tena. Mnyanya wa kutilia shaka ni ule uliolegea saa 1 asubuhi.

Bomba lililolala juani na tangi jeusi la juu ya paa hutoa maji ya moto. Maji ya kwanza yakinge kwenye ndoo, yaache yapoe, anza na yale yanayofuata.

Maji ya kisima yenye chumvi ni shida nyingine ya pwani. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo na ncha za majani zikikauka kama zimeunguzwa na kiberiti, chumvi imejaa. Mara moja kwa wiki mwaga maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, lita 8 taratibu, yatoke chini na kuondoka nayo. Siku nyingine changanya nusu kwa nusu.

## Hatua ya 7: Mbolea kwa kijiko, siyo kwa kiganja

Siku 10 baada ya kuhamisha, weka NPK kijiko 1 cha chai kwa kuzungusha, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, udongo ukiwa umelowa. Rudia baada ya wiki mbili. Matunda yakifika ukubwa wa gololi, badilisha: CAN kijiko 1 cha chai kila baada ya wiki mbili.

Urea iache dukani. Itakupa majani mapana ya kijani kilichokoza, na maua yatapungua.

## Hatua ya 8: Saidia ua lishike

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake. Halihitaji nyuki sana, linahitaji mtikiso wa kudondosha chavua. Shambani upepo unafanya kazi hiyo, lakini uani, ndani ya kuta nne, hakuna upepo.

Kila siku kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, gonga fito kwa kidole mara tano sita, au pekecha kikonyo cha kila kishada polepole. Baada ya hapo joto huidhoofisha chavua.

Sogeza jicho karibu na kikonyo cha ua. Katikati yake kuna kifundo kidogo kama kiwiko. Kikiwa njano, ua hilo litadondoka leo au kesho, usilihangaikie. Kikiwa kijani na petali zikikauka bila kuanguka, zikabaki zimening'inia kama kofia iliyochakaa, inua kofia hiyo kwa ukucha. Utaona punje ya kijani ukubwa wa pilipili manga. Hilo ndilo tunda, na hayo ndiyo mafanikio.

Januari na Februari hesabu ushindi kama theluthi moja ya maua imeshika.

Machipukizi yanayoota kwenye kwapa la jani na shina yapunguze kwa cheri, ubakize mashina mawili. Nyanya fupi aina ya kichaka usiziguse. Na usinyoe majani yanayofunika matunda: tunda likipigwa na jua moja kwa moja hupata doa jeupe lililokauka kama karatasi.

## Yanayoharibika, na sababu zake

Kitako cheusi cha tunda. Doa la kahawia au jeusi lililozama, upande wa chini. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa kukatikakatika: leo mafuriko, kesho ukame. Sawazisha umwagiliaji, toa matunda yaliyoharibika. Maganda ya mayai yanayosifiwa sana huoza polepole mno kuokoa msimu huu. Weka kwenye mboji ukitaka.

Matunda kupasuka. Udongo ulikauka, halafu mvua au ndoo nzima ya maji ikaja ghafla. Mvua ikinukia, chuma yaliyoanza kubadilika rangi.

Majani yenye vumbi la njano na utando mwembamba chini. Huyo ni utitiri, anapenda joto kavu. Kung'utia jani juu ya karatasi nyeupe; vidoa vikitembea, ndio. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo, kisha jioni nyunyiza mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji nusu kijiko cha chai kwenye lita 1. Usinyunyize juani, majani yataungua.

Mabaka meupe yaliyopauka kwenye jani, na tundu la sindano karibu na kikonyo cha tunda. Huyo ni kantangaze, kiwavi anayechimba ndani ya majani na matunda. Kata majani hayo, yafunge kwenye mfuko wa nailoni uanike juani siku kadhaa. Ukiyatupa jalalani uani, umemhamisha tu.

Mmea mzima kunyauka ndani ya siku mbili tatu, majani yakiwa bado kijani. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na udongo kwa kisu safi. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye ncha, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa mmea, tupa na udongo wote mbali na bustani, usiuingize kwenye mboji. Osha ndoo na kisu kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Mikono nayo, kabla hujagusa mmea wa pili.

## Hatua ya 9: Chuma mapema

Usingoje nyanya iive nyekundu juu ya mti. Joto likipita nyuzijoto 30, rangi nyekundu haitengenezwi vizuri. Tunda linabaki la machungwa, mabega ya njano, na linalainika kabla halijapendeza. Halafu kunguru wa pwani hawana subira kama yako.

Chuma mara tu kitako kinapoanza kuona haya, wekundu hafifu wa kama robo ya tunda. Ipange ndani kwenye trei, safu moja, kikonyo kikitazama chini, pahali penye hewa na kivuli. Siku tatu hadi tano zitakuwa zimeiva sawasawa. Kwenye jokofu zisiingie kabla ya kuiva, zinapoteza ladha na kuwa kama unga mdomoni.

Mnyanya wa cheri uliotunzwa hivi hutoa kilo 2 hadi 3 kwa ndoo kabla ya masika. Mvua kubwa za Machi zikianza, ukungu utakula majani kutoka chini kwenda juu. Chuma hata za kijani zilizokomaa, ng'oa mmea, na udongo wa ndoo hizo panda mchicha au bamia. Nyanya zisirudi humo kwa misimu miwili.